Kuwafuta Watu wa Luponelo

Sheria ilitaka kivuli kifutwe na watu wawili, mmoja akisoma alama na mwenzake akibonyeza, na wote wawili wawe wamekaa. Mashine ingeweza kuimaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua. Waliotunga sheria walilijua hilo na wakalikataza makusudi. Walitaka mtu anayejitoa atolewe na binadamu mwenzake, anayeona anachokifanya mpaka mkono umchoke.

Siku ambayo kijiji cha Luponelo kilipangiwa kufutwa, kazi iliwaangukia Enesia Mahenge na Hamduni Shemhilu. Wote walikuwa wanafunzi katika chuo cha taarifa za afya kilichokuwa Njombe, na Mwalimu Tweve aliwaweka meza moja kwa sababu hawakufanana kwa lolote. Enesia alikuwa nesi. Alikuwa amezalisha akina mama kwenye zahanati ya mashamba ya chai mpaka nywele za mbele zikaanza kuota mvi, na alipoletwa chuoni, akiona chati tu moyo ulimwenda mbio. Hamduni alitoka Lushoto, bado kijana, na namba zilimtii. Lakini alikuwa hajawahi kumshika mgonjwa hata mkono. Chuo kizima kilikuwa hivyo: nusu watu wa wodini, nusu watu wa kompyuta, wakifundishwa kusikilizana.

Walifundishwa kwa vivuli. Mtu akikubali, bangili yake ya mkononi, kadi yake ya zahanati na kichunguzi kilichofungwa chooni kwake vilituma habari za mwili wake kila siku. Habari hizo zilijengwa kuwa mwili wa mwanga uliosimama juu ya meza, mfupi kama mtoto wa kutambaa, ukipumua kama alivyopumua mwenyewe. Haukuwa na jina wala sura, ila alama tu pembeni. Mwanafunzi aliweza kuupa dawa akaona ini linavyoipokea, kuusogeza mbele miaka akaona unavyozeeka, kuuliza maswali ambayo hakuna mgonjwa angestahimili kuulizwa. Kabla ya kuruhusiwa kuikaribia meza, kila mmoja aliapa mambo mawili: hatamtafuta mwenye kivuli, na hatatoka nje na alichokiona.

Luponelo walijitoa kwa sababu kuna mtu aliyevunja kiapo hicho. Mwaka uliotangulia, mwanafunzi mmoja alikitambua kivuli cha Obadia Msigwa, mwalimu wa kwaya wa kijiji hicho, kwa sababu ya mfupa wa paja uliounga vibaya. Akiwa harusini alimsimulia rafiki yake kwamba Obadia anameza dawa za kutuliza akili. Maneno yalipanda mlima yakafika Luponelo kabla ya waalikwa kurudi makwao. Watoto walimtungia Obadia wimbo, naye akaacha kwaya aliyoilea tangu ujana wake. Mwanafunzi alifukuzwa, chuo kikaomba radhi, lakini kijiji kilikaa mkutano na kukubaliana kutoka wote, wazee kwa watoto. Sasa siku ya mwisho ya kuwafuta ilikuwa imefika, na kazi ilitakiwa iishe kabla ya ofisi kufungwa.

Enesia alisoma, Hamduni akabonyeza. Kila kivuli kilikuja mezani kwa pumzi moja mbili ili alama yake ihakikiwe, kisha kikafifia kuanzia miguuni. Hawakuruhusiwa kutazama kingine zaidi ya alama. Lakini meza ilitengenezwa ili ionyeshe, na macho ya Enesia yalikuwa yamefunzwa kuona. Kiungo chenye afya kilikuwa kijani. Kilichoanza kuchoka kiligeuka rangi ya chai ya maziwa. Alipita mwanamke mmoja mafigo yake yakiwa rangi ya chai. Enesia akajisemea kwamba ni umri. Akapita mwingine, msichana wa rika la Hamduni, vilevile. Wakafuata wanaume kadhaa, kijani kitupu. Kisha mwanamke. Kisha mwanamke tena.

Akaacha kusoma.

Mafigo hayana kelele, na Enesia alilijua hilo kwa miaka ya wodini. Yanaweza kuoza pole pole huku mwenyewe akilima, akipika na akiimba kanisani, mpaka asubuhi moja anapoamka uso umevimba. Akina mama wengi aliwapokea wakiwa wamefika hapo, na kwa wengi wao hakuwa na la kufanya zaidi ya kuwashika mkono.

Alimwuliza Hamduni kama ameona. Hamduni hakuinua macho. Alijibu kwamba hawaruhusiwi kuona.

"Sikukuuliza kama tunaruhusiwa," Enesia alisema. "Nimekuuliza kama umeona."

Hamduni akakubali kwa kichwa. Ameona tangu vivuli vya mwanzo, alisema, ila alidhani macho yake yanamdanganya. Halafu, kwa sauti ya chini, akaeleza kinachowezekana. Vivuli vilivyobaki vilikuwa bado vingi. Amri moja tu ingevipanga safu, wanawake huku na wanaume kule, ikawalinganisha na vijiji jirani na kusema kama jambo hili ni kweli au ni bahati mbaya ya macho. Amri ya pili ingesema linatoka wapi. Hakuna ambaye angejua. Kidole chake kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe chenyewe.

Enesia alikitazama kidole kile. Alitamani kumwambia abonyeze. Alimfikiria yule msichana wa rika la Hamduni, ambaye huenda wakati huo alikuwa kisimani akicheka na wenzake. Kisha akafikiria kwamba watu hawa walisema toka nyumbani kwetu, na yeye bado amesimama sebuleni anafungua kabati.

Akamshika Hamduni mkono, akauweka chini, akaenda kumwita Mwalimu Tweve.

* * *

Fungameza Tweve ndiye aliyetunga kiapo cha vivuli. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kufikiri, kana kwamba dunia ikififia ndipo akili inapoona. Aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Hakuwakaripia kwa kuona. Alisema meza ile ni kosa lake. Alishaomba mara nyingi itengenezwe nyingine isiyoonyesha rangi wakati wa kufuta, na hakufuatilia vya kutosha.

Enesia aliomba jambo moja: kufuta kusimamishwe kwa wiki moja, wamalize uchambuzi, wapeleke majibu wilayani. Tweve akakataa. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyeshayabeba maneno hayo muda mrefu. Watu wanakubali kuwa na vivuli kwa sababu waliahidiwa kwamba wakisema basi, ni basi. Chuo kikibakiza data ya Luponelo kwa sababu nia ni njema, kila atakayekuja baada yao atakuwa na nia njema. Kampuni za bima zitakuwa na nia njema. Vijiji vitajua, vitatoka kimoja baada ya kingine, na magonjwa ambayo vivuli vingeyaonyesha mapema yatarudi gizani. Watakaokufa hapo hawatakuwa wa kijiji kimoja.

"Na hawa wa leo?" Enesia aliuliza.

Tweve alivua miwani. "Ukiniuliza kama mwenzako wa wodini, nitakwambia nenda. Ukiniuliza kama mtu aliyekuapisha, nitakwambia keti."

"Sasa wewe unaniambia nini, Mwalimu?"

Tweve aliipangusa miwani kwa pindo la koti.

"Nakwambia maliza kufuta kwanza. Ukienda kwao umeishika miili yao mkononi, utakuwa umekwenda kuwatisha. Ukienda mikono mitupu, utakuwa umekwenda kuwaomba." Akairudisha miwani. "Na ukienda, ujue nitakupeleka mbele ya kamati. Sitaweza kujifanya sikujua."

Walirudi mezani. Enesia alisoma alama, Hamduni akabonyeza, na saa zile za mchana zilikuwa ndefu kuliko zamu yoyote aliyowahi kuifanya wodini. Kila mafigo yenye rangi ya chai yalipotokea alitaka kuyakumbuka, na kila yalipofifia alihisi amemwacha mtu barabarani. Kivuli cha mwisho kilikuwa cha mtoto mchanga aliyelala. Hamduni alibonyeza, kisha akageuka ukutani akajifuta uso kwa mkono wa shati, na Enesia akajifanya anapanga viti.

Meza ilibaki tupu. Luponelo haikuwapo tena popote isipokuwa Luponelo.

* * *

Jumamosi Enesia alipanda lori lililokuwa likienda milimani kuchukua viazi. Hakumwambia mtu, lakini alipofika stendi alimkuta Hamduni amejikunja ndani ya koti lisilomtosha, meno yanagongana kwa baridi ya Njombe. Alisema tu kwamba na yeye aliona. Enesia hakumbishia. Njiani alimfundisha kusalimia kwa Kikinga, lugha ya huko milimani, maana alijua watahitaji kila msaada.

Luponelo ilikaa mgongoni mwa mlima katika safu za Kipengere, mahali ambapo ukungu ulikuwa ni maji. Juu ya kijiji, ukingoni mwa bonde, zilisimama nyavu pana zilizofungwa kwenye nguzo. Ukungu ulipopita ulinasa humo, ukawa matone, matone yakateremka kwenye mfereji na kuingia kwenye simtanki. Nyavu za zamani zilikuwa za kijivu. Mbele yake zilisimama mpya, zenye simtanki lake, zilizoletwa na mradi fulani miaka michache nyuma, zenye mng'ao wa zambarau, na ilisemekana zinanasa maji maradufu.

Mwenyekiti wa kijiji, Mama Yudita Chaula, aliwapokea bila uchangamfu. Alipojua wametoka chuoni, uso wake ulifunga kabisa. Enesia alimwambia kwamba ana jambo analotaka kulisema mbele ya watu wote, akiwemo Mzee Obadia, na kwamba akishalisema wanaweza kumfukuza. Mama Yudita alimpima kwa macho, kisha akatuma watu waitwe.

Walikusanyika kwenye ghala la pareto, wamekaa juu ya magunia, maua makavu yakiwawasha pua. Obadia Msigwa alikaa karibu na mlango, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, na pembeni yake mkewe Tamali. Enesia alisimama akaeleza. Alisema yeye na kijana huyu ndio waliowafuta. Alisema wakati wa kufuta walipaswa kutazama alama peke yake, lakini waliona zaidi, na walichokiona ni kwamba mafigo ya wanawake wa kijiji hiki yameanza kuchoka, ya wengi, wakiwemo mabinti. Hajui ni nani. Hajui ni kwa nini. Hana karatasi wala picha ya kuwaonyesha, kwa sababu waliomba vifutwe na vimefutwa vyote.

Watu waligeuka kutazamana.

"Kwa hiyo," Mama Yudita alisema taratibu, "hata tulipokuwa tunatoka mlangoni mlikuwa mnatuchungulia."

"Ndiyo, mama."

Manung'uniko yakapanda. Mtu mmoja nyuma alisema hii ni hila ya kuwarudisha kwenye vivuli. Mwingine akauliza kwa nini aaminiwe mtu ambaye kwanza amekiri kosa, pili hana ushahidi. Mwanamke mmoja kijana alianza kulia, na mama yake akamvuta karibu huku akimtazama Enesia kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa. Hamduni, ambaye hakuzoea kutazamwa na watu wengi, alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndipo Obadia alipoinuka. Alichukua muda kusimama, na watu wakanyamaza, wengine kwa aibu.

"Langu lilipotoka," alisema, "lilipita kwenye masikio ya watu wote humu ndani, likanifikia mimi mwisho. Hakuna aliyekuja kuniambia usoni." Akamgeukia Enesia. "Wewe umekuja. Bado sijawasamehe nyinyi wa kule chini, lakini umekuja. Sasa unataka tufanye nini?"

Enesia alikuwa amejiandaa kwa swali hilo njia nzima. Aliwaambia wasimwamini. Wapime wenyewe. Vijiti vya kupimia mkojo vinapatikana zahanati ya kata, na havitumi habari popote. Wakikubali, yeye na Hamduni watawafundisha kupanga majibu na kuyasoma, hapa hapa kijijini, kwenye kishikwambi ambacho hakijaunganishwa na kitu. Data itakuwa yao. Wakitaka kumpa mtu watampa, wasipotaka itaishia ghalani.

Obadia alifikiri.

"Basi kabla hujatufundisha kuandika humo," alisema, "tufundishe kwanza kufuta."

* * *

Hivyo ndivyo somo la kwanza la takwimu lilivyofundishwa Luponelo. Wanawake waliochaguliwa na kijiji, pamoja na Obadia, waliingiza habari za watu wa kubuni, kisha wakazifuta, kisha wakajaribu kila hila ya kuzirudisha mpaka wakaridhika kwamba hazirudi. Hamduni alisema baadaye kwamba chuoni hajawahi kuulizwa maswali magumu kama yale. Tamali alitaka kujua kama kitu kilichofutwa kinaweza kubaki ndani ya hesabu iliyopigwa kabla hakijafutwa. Swali hilo lilimfanya Hamduni akae chini, akafikiri, akakiri kwamba ndiyo, linaweza kutokea, na wakakubaliana kwamba mtu akijitoa hesabu itapigwa upya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kidogo kidogo. Enesia na Hamduni walirudi kila mwisho wa wiki. Vijiti vilipatikana. Kila mtu alijipima mwenyewe nyumbani kwake na kuleta jibu bila jina, akitaja mambo ambayo kijiji kilikubali kuyataja: ni mwanamke au mwanaume, umri kwa makadirio, anaishi upande gani wa kijiji, anakula nini zaidi, anafanya kazi gani. Protini, dalili ya mafigo kuchoka, ilionekana kwenye mkojo wa wanawake wengi mno. Macho hayakuwa yamewadanganya.

Chanzo ndicho kilichowasumbua. Enesia alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza, na alilishikilia kwa nguvu. Kulikuwa na dawa ya mizizi ambayo wanawake wa huko waliinywa baada ya kujifungua, na wodini alishaona mizizi ikiharibu mafigo. Ilikuwa ni wanawake tupu. Ingekuwa nini kingine? Alikaribia kuwaambia waache. Lakini Hamduni alisisitiza waulize kwanza, na walipouliza, mabinti ambao hawajawahi kuzaa walikuwa na protini sawa na mama zao, na wapo waliozaa na kunywa mizizi miaka nenda rudi ambao mkojo wao ulikuwa safi. Enesia aliitazama chati ile kwa muda mrefu. Ilimuuma, halafu ikamfurahisha kwa namna ambayo hakuitarajia. Aliwaambia wanawake aliokuwa akiwafundisha kwamba hii ndiyo kazi yenyewe, namba kukukatalia jambo unalolipenda, na bora zimkatalie yeye kuliko yeye kuwakataza mama zao dawa bure.

Wakajaribu jiko na moshi, havikuwa chanzo. Wakajaribu dawa za kupulizia pareto, lakini wanaume walipulizia zaidi na walikuwa wazima. Siku walipopanga waliopimwa kwa upande wa kijiji wanakoishi ndipo chati ilipojigawa katikati kama nguo iliyochanwa. Wanawake wa upande wa juu, wanaoteka kwenye nyavu za kijivu, karibu wote walikuwa salama. Wa upande wa chini, wanaoteka kwenye nyavu za zambarau, ndio walioathirika. Tamali ndiye aliyeeleza kwa nini si wanaume. Wanaume hutoka mapema kwenda mashambani ng'ambo ya bonde na hunywa maji ya kijito huko. Wanawake huenda kwenye simtanki alfajiri, na desturi yao ni kunywa hapo hapo maji ya kwanza, yale yaliyolala kwenye wavu usiku kucha, kwa kuwa ni ya baridi na matamu.

Walichukua chupa ya maji hayo ya kwanza, wakaipeleka maabara mjini bila kusema imetoka wapi. Majibu yalikuja: madini ya mpako wa zambarau uliopakwa kwenye nyavu mpya yalikuwa yakimomonyoka na kuingia kwenye maji. Dawa yake ilikuwa rahisi kuliko walivyoogopa. Kwa waliogundulika mapema, kuacha tu yale maji kungeyapa mafigo nafasi ya kupona, na wachache waliobaki wangehitaji matibabu ambayo hospitali ya mkoa iliyaweza.

Lakini nyavu zilikuwa za kijiji kizima, na kuzishusha kulimaanisha kurudi kwenye foleni za maji za zamani. Uamuzi huo ulihitaji mkutano.

* * *

Siku ya mkutano Mwalimu Tweve alipanda mlima. Alimkuta Enesia nje ya ghala akiota jua, akamsalimia, akakaa pembeni yake juu ya gunia. Hakuzunguka. Kamati ilikuwa imekaa. Enesia alivunja kiapo, mwenyewe alikiri, na kamati haikuona namna ya kusema hakuvunja. Angefutiwa mwaka. Leseni yake ya unesi haikuguswa, na mwaka unaofuata angeweza kuanza upya na wanafunzi wapya, akitaka. Hamduni, kwa kuwa si yeye aliyesema, alipewa onyo. Tweve akaongeza kwamba yeye mwenyewe alipiga kura ya adhabu, na hataki alisikie hilo kwa mtu mwingine.

Enesia alikuwa ameshaililia adhabu hiyo kabla haijafika, kwa hiyo ilipofika alikuta ameizoea. Alimwuliza tu kama meza itabadilishwa. Tweve akamjibu kwamba ile ya rangi imeshaondolewa chumba cha kufutia. Halafu akasema, akitazama mbele, kwamba kama angekuwa yeye, haamini angepanda lile lori.

"Ingia ndani, Mwalimu," Enesia alimwambia. "Wanaanza."

Ghalani Obadia alikuwa amesimama mbele, amepewa kazi ya kusoma matokeo. Aliyasoma vizuri, bila haraka, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka viti vya nyuma. Alisoma kwa mafungu, upande wa juu na upande wa chini, bila jina la mtu. Watu walisikiliza, lakini Enesia aliona nyuso zikisita. Mzee mmoja alisema nyavu zile zimewapa maji ya kuoga na ya ng'ombe, na kwamba kwenye kijiti mtu anaweza kuona chochote. Mwingine akauliza hao wagonjwa ni akina nani, mbona yeye hajaona mgonjwa. Minong'ono ikaanza kuelekea kwenye kuahirisha. Hamduni alitaka kusimama kuitetea hesabu yake. Enesia akamvuta koti.

Aliyesimama ni Tamali. Alijifunga kitenge chake vizuri, akasubiri minong'ono iishe.

"Mmoja wao ni mimi," alisema.

Obadia aligeuka kumtazama mkewe, na ilionekana wazi kwamba walikuwa hawajakubaliana hivyo nyumbani. Tamali hakuketi. Baada ya kitambo yule mwanamke kijana aliyelia kwenye mkutano wa kwanza akasimama naye, akasema, na mimi. Mama yake akasimama pembeni yake. Kisha upande wa pili wa ghala, na nyuma, na karibu na mlango, wanawake wakawa wanainuka juu ya magunia, wengine wakisema na mimi, wengine wakisimama tu. Mama Yudita Chaula alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Alikunja mikono, akaikunjua, akasimama na yeye.

Yule mzee aliyekuwa ameulizia wagonjwa alikuwa anamtazama binti yake mwenyewe, ambaye amesimama.

Machozi yalimtoka Enesia na hakujaribu kuyazuia. Alimsikia Mwalimu Tweve pembeni yake akivuta pumzi. Kwa upande wa kushoto alimwona Hamduni amefungua kishikwambi, anatazama waliosimama, anatazama kioo, vidole vimeshaanza kwenda. Ilikuwa ni desturi ya kazi. Hapa palikuwa na majina, yale yaliyokosekana siku zote, yamejileta yenyewe.

Obadia alimwona pia. Aliteremka kutoka mbele, akiburuta mguu, mpaka akamfikia.

"Mwanangu," alimwambia kwa upole. "Wameambiana wenyewe kwa wenyewe. Wewe hawajakwambia uandike."

Hamduni alitazama juu, akafunga kishikwambi na kukilaza chini ya gunia. Mwalimu Tweve, aliyekuwa amesikia, alivua miwani.

Mbele, Mama Yudita alishaacha kuuliza nani anakubali na nani anakataa. Alikuwa anauliza nani ana ngazi ndefu, na nani ataanza kupanda.